Umesimama, Lakini Unaendesha

Wahenga walinena kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na kila mtu anajua maana yake: sheria haichagui mkubwa wala mdogo. Sawa. Lakini hebu tujiulize swali moja ambalo wahenga hawakulipata, maana enzi zao hapakuwa na magari. Je, msumeno huu humkata hata mtu aliyekaa kitako, hasogei mbele wala nyuma, anangoja tu?

Chukua dereva aliyenaswa katika jam ya jioni. Mbele yake magari, nyuma yake magari, ubavuni matatu imejipachika pasipo na nafasi. Hakuna anayesogea hata hatua moja. Dereva wetu anatoa simu aangalie kama kuna njia nyingine ya kupitia, au amwambie mama watoto kwamba leo chakula kitapoa. Mara dirisha linagongwa, ngo ngo ngo! Askari wa trafiki huyo. Kosa? Kutumia simu huku ukiendesha gari.

"Lakini afande, mbona nimesimama?"

Ndugu msomaji, usilicheke swali hilo. Limeulizwa mbele ya majaji waliovaa majoho, huko California, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza. Watu wamelipia mawakili, wengine wamejitetea wenyewe, na majibu waliyopewa hayakufanana. Mimi si mwanasheria. Nilimaliza kidato cha nne, gari sina, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Kilichonivuta katika historia hii ni kwamba mabishano yote yalikuwa juu ya neno moja: kuendesha. Na sisi tunaotaka kuandika, maneno ndiyo jembe letu. Basi tukae tuone jinsi neno moja linavyoweza kumtoza mtu faini.

Simu ilizaliwa ndani ya gari

Wengi wetu tunadhani simu ilianza mkononi kisha ikaingia garini. La hasha. Ilianza garini. Tarehe 17 Juni 1946, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, kampuni ya Bell ilianzisha huduma ya simu za kwenye magari. Mtambo wenyewe ulikuwa na uzito wa kama kilo 36, sawa na mtoto wa darasa la sita, na mwingi wake ulifungwa kwenye buti. Mtu wa kawaida hakuwa na uwezo wa kuununua wala nguvu za kuubeba.

Miaka 27 ilipita. Tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi wa kampuni ya Motorola, Martin Cooper, alisimama katika barabara ya mji wa New York akapiga simu akiwa ameishika mkononi. Ilikuwa na uzito wa kilo moja na ushei. Ilipofika madukani miaka kumi baadaye, bei yake ilikuwa dola 3,995. Kule Uingereza huduma ya simu za mkono ilianza tarehe 1 Januari 1985. Katika zama zile mtu mwenye simu garini alikuwa mtu wa maana, tajiri, bosi. Watu walimtazama kwa wivu. Nani angewaza kumkamata?

Lakini kitu cha wachache kikiwa cha wote, ndipo madhara yake huonekana. Miaka ya tisini simu zilishuka bei na kupungua uzito, zikaingia mifukoni mwa mamilioni ya watu. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Kanada, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya madereva 699 waliokuwa na simu na ambao walipata ajali. Walilinganisha saa ya ajali na saa ambazo simu zilitumika. Wakagundua kwamba hatari ya kugongana ilikuwa mara nne zaidi wakati dereva anapotumia simu. Tena wakasema jambo ambalo hadi leo madereva hawapendi kulisikia: simu isiyoshikwa kwa mkono haikuonekana kuwa salama kuliko ile inayoshikwa. Yaani tatizo si mkono tu. Tatizo ni akili kuondoka barabarani na kwenda kwa yule unayezungumza naye.

Baada ya hapo sheria zikaanza kumiminika. Mwaka 2001 New York ikawa jimbo la kwanza Marekani kukataza simu ya kushikwa mkononi kwa madereva. Uingereza ikafuata tarehe 1 Desemba 2003, kwa faini ya pauni 30. California ilipitisha sheria yake mwaka 2006, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2008. Kila mtu alidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Neno lenyewe

Hebu tulitazame neno letu la Kiswahili. Kwenda, kuenda, kuendesha. Kuendesha ni kukifanya kitu kiende. Unaendesha gari, unaendesha baiskeli, unaendesha hata duka. Sasa kitu kisipokwenda, je, wewe unayekishikilia unaendesha au huendeshi? Mtoto wa shule atakujibu upesi: kama haliendi, huendeshi. Lakini duka likikosa wateja kutwa nzima, mbona bado twasema fulani anaendesha duka? Hapo ndipo utata ulipolala. Kuendesha kunaweza kuwa tendo la dakika hii, na kunaweza kuwa kazi uliyo nayo tangu ulipowasha mpaka utakapozima.

Sheria nyingine zilijaribu kuukwepa utata huu. Ile ya New York ya 2001 ilisema wazi kwamba kosa ni kuzungumza na simu gari likiwa katika mwendo. Mkataba wa kimataifa wa usalama barabarani wa Vienna wa mwaka 1968 nao ulifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2006. Unazitaka nchi wanachama zikataze simu ya mkononi gari linapokuwa katika mwendo. Hiyo ni kadiri ya chini kabisa. Nchi ikitaka kukaza zaidi, hiari yake.

California haikuandika hivyo. Sheria yake ilisema tu mtu asitumie simu "akiendesha". Na katika jimbo hilo neno kuendesha lilikuwa na historia yake. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Juu ya California iliamua kesi ya mtu aliyekutwa ameinamia usukani, kalewa, injini inanguruma, lakini gari limeegeshwa vizuri pembeni. Majaji wakasema: ili mtu aitwe dereva kwa sheria ile ya ulevi, lazima pawe na ushahidi kwamba alilisogeza gari kwa hiari yake. Injini kuwaka peke yake hakutoshi.

Basi, mwisho wa mwaka 2009, katika mji wa Richmond, mtu mmoja alisimama kwenye taa nyekundu. Askari wa pikipiki akasimama ubavuni mwake, akamwona anabonyeza simu. Akaandikiwa. Bwana yule hakukubali. Alisema alikuwa akitazama barua pepe tu, gari halikuwa linasogea, na mahakama kubwa ya jimbo ilishasema pasipo kusogea hapana kuendesha. Hoja safi kabisa! Ukiisoma unamwona ameshashinda.

Alishindwa. Novemba 2011 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba yule mlevi wa 1991 alikuwa ameegesha, lakini huyu alikuwa safarini. Alikuja kwa kuendesha, atatoka kwa kuendesha, na hapo katikati amesimama kidogo tu kwa amri ya taa. Kusimama kwa taa ni sehemu ya kuendesha, kama vile kuvuta pumzi ni sehemu ya kuimba. Mfano huo wa kuimba ni wangu, si wa majaji. Wao waliongeza hofu yao: tukiruhusu simu kila gari linaposimama, madereva watakuwa wakizirukia kila kwenye taa, na taa ikigeuka kijani nusu yao watakuwa bado hawajaziachia.

Bwana wa Fresno

Sasa msikie mwingine, maana hapa ndipo sheria ilipoumbuka. Januari 2012, katika mji mwingine wa California uitwao Fresno ambako kulikuwa na matengenezo ya barabara, dereva mmoja alikwama kwenye msongamano. Akachukua simu yake kutazama ramani, apate njia ya kutokea. Askari akamwona. Faini: dola 165.

Cha kushangaza, bwana huyu hakuwa mtu wa kuyapuuza madhara ya simu barabarani. Mwanawe mwenyewe alikuwa amewahi kuvunjwa mguu na dereva aliyekuwa akiongea na simu. Lakini aliona kwamba sheria haisemi kile ambacho askari anadai inasema. Akapinga mahakamani. Akashindwa. Akakata rufaa. Akashindwa tena. Akapanda ngazi nyingine.

Februari 2014 akashinda. Majaji waliisoma sheria ya 2006 neno kwa neno, wakarudi nyuma kutazama waliotunga walikusudia nini. Wakasema sheria ilikataza kuzungumza na kusikiliza simu ikiwa mkononi. Ilipotungwa, simu ilikuwa bado chombo cha kuzungumzia. iPhone ilitoka mwaka 2007, mwaka mmoja baada ya sheria kupitishwa. Kutazama ramani si kuzungumza. Kama bunge la jimbo linataka kukataza ramani, basi na liandike hivyo.

Likaandika. Kuanzia tarehe 1 Januari 2017 sheria mpya ya California ilisema simu usiishike kabisa unapoendesha. Iwe imefungwa mahali pake, na uiguse kwa mguso mmoja tu wa kidole. Hata hapo maneno hayakuisha. Juni 2025 Mahakama ya Rufani ilibidi iamue tena kama kuishika simu mkononi na kuitazama ramani, bila kubonyeza kitu, ni "kuitumia". Ikajibu: ndiyo, ni kuitumia. Yule wa Fresno angekamatwa leo asingepona.

Tuweke alama hapo. Mtu mmoja mkaidi, akiwa na dola 165 za kupoteza, alilazimisha jimbo zima kuandika upya sheria yake. Hakuandamana, hakurusha mawe. Alisoma tu.

Mjerumani na injini yake, Mfaransa na barabara yake

Wajerumani ni watu wa mitambo, na sheria yao ilipima jambo kwa mtambo. Haikuuliza kama gari linasogea. Iliuliza: injini imezimwa? Gari likisimama na injini ikazimwa, simu yaruhusiwa. Injini ikiwaka, hata ukisimama kwenye taa, ni kosa. Rahisi, sivyo?

Kisha watengenezaji wa magari wakaleta mtambo unaozima injini wenyewe gari linaposimama, na kuiwasha tena dereva anapotaka kuondoka. Lengo lao lilikuwa kuokoa mafuta. Aprili 2013, mjini Dortmund, dereva alisimama kwenye taa nyekundu, injini ikajizima, naye akaongea na simu. Akatozwa euro 40. Akakata rufaa, na Septemba 2014 mahakama ya juu ya mjini Hamm ikamwachilia huru. Sheria ilisema injini iwe imezimwa. Haikusema imezimwa na nani, kwa ufunguo au kwa mtambo. Imezimwa ni imezimwa. Basi madereva wenye magari mapya wakapata ahueni ambayo wenye magari makuukuu hawakuwa nayo! Hali hiyo ilidumu hadi Oktoba 2017, sheria ilipoandikwa upya na kusema kwamba injini iliyojizima yenyewe haihesabiki kuwa imezimwa. Na faini ikapandishwa toka euro 60 hadi 100, pamoja na pointi moja.

Wafaransa wao walipima kwa barabara. Kuna dereva aliyekuwa amesimamisha gari lake upande wa kulia wa mzunguko wa barabara. Injini alikuwa ameizima. Taa za dharura alikuwa ameziwasha. Simu mkononi. Ukimwuliza mtu yeyote wa kawaida atakwambia huyu alijitahidi kuwa mwangalifu. Tarehe 23 Januari 2018 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa ilisema ana kosa. Gari lililosimama kwa muda kwenye njia ya magari, pasipo dharura isiyoepukika kama vile kuharibikiwa, bado linahesabiwa kuwa liko safarini. Faini euro 135, na pointi tatu zakatwa kwenye leseni yenye pointi kumi na mbili.

Umeona sasa? California walitazama safari, Mjerumani akatazama injini, Mfaransa akatazama mahali. Gari ni lilelile, simu ni ileile, na mtu amesimama vilevile.

Msumeno wamkata mkubwa

Kule Uingereza mamlaka zilisema tangu awali kwamba sheria inakuhusu hata ukiwa umesimama kwenye taa au kwenye foleni. Adhabu nayo ikapanda mwaka hadi mwaka: pauni 30 mwaka 2003, pauni 60 na pointi tatu mwaka 2007, pauni 100 mwaka 2013, pauni 200 na pointi sita kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Pointi sita si mchezo. Dereva mgeni asiyemaliza miaka miwili tangu kufaulu mtihani hupoteza leseni papo hapo akifikisha sita, na mzoefu hufungiwa akifikisha kumi na mbili.

Aliyeonja hayo mbele ya dunia nzima ni David Beckham, yule mchezaji mpira ambaye picha zake zilijaa katika vinyozi vyetu. Tarehe 21 Novemba 2018 alikuwa katika gari lake aina ya Bentley, barabara ya Great Portland mjini London, magari yakienda kwa mwendo wa kinyonga. Raia mpita njia akamwona ameshika simu, akampiga picha, akaipeleka polisi. Mei 2019 mahakama ilimtoza pauni 750 na kumwongezea pointi sita. Kwa kuwa alikuwa na nyingine sita za makosa ya mwendo kasi, zikatimia kumi na mbili, akafungiwa kuendesha kwa miezi sita. Alikiri kosa. Jaji alikubali kwamba magari yalikuwa yakienda polepole, lakini akasema sheria haitoi udhuru kwa hilo. Naam, msumeno huo.

Lakini Uingereza nayo ilikuwa na tundu katika nyavu. Mwaka 2017, eneo la Ruislip kaskazini magharibi mwa London, dereva mmoja alipita polepole mahali palipotokea ajali huku akiirekodi kwa simu. Akapatikana na hatia, akakata rufaa, akashinda. Serikali nayo ikakata rufaa, na Julai 2019 mahakama ikampa dereva ushindi tena: sheria ilikataza kutumia simu kwa mawasiliano, na kupiga picha ya video si mawasiliano. Majaji walitahadharisha kwamba hiyo si ruhusa ya kupiga picha ukiendesha, kwani mtu bado aweza kushtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu. Tarehe 25 Machi 2022 tundu likazibwa: karibu kila kitu ufanyacho na simu iliyo mkononi ni kosa. Wakaacha nafasi chache tu, kwa mfano kupiga simu ya dharura pale ambapo si salama kusimama, na kulipia kitu kwa simu gari likiwa limesimama dirishani pa duka na bidhaa unapewa hapohapo.

Kwa nini basi aliyesimama?

Mpaka hapa mtu anaweza kusema hizi ni hila za wanasheria na serikali zinazotafuta pesa. Mimi mwenyewe naona kuna uchungu wa haki katika kilio cha aliyesimama. Hakumgonga mtu. Hakuwa na namna ya kumgonga mtu. Anaadhibiwa kwa ajali ambayo haikuwezekana kutokea katika dakika ile.

Lakini tusome na upande wa pili, maana historia ya upande mmoja ni porojo. Mwaka 2015 mtafiti David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha kwamba akili ya dereva aliyekuwa akiamrisha simu au mitambo ya gari kwa sauti inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kabla ya kurudi barabarani kikamilifu. Sekunde 27! Taa imegeuka kijani, wewe umeiweka simu chini, gari limeondoka, lakini akili yako bado iko kwenye ujumbe ule. Na ni nani aliye mbele ya gari kwenye taa? Ni anayevuka kwa miguu. Mwenye pikipiki anayepenya. Mtoto wa shule aliyechelewa. Kwa hiyo kosa halifanyiki wakati umesimama. Linapandwa wakati umesimama, linavunwa ukiondoka.

Na kuna jambo zito zaidi. Tarehe 10 Agosti 2016, kwenye barabara ya A34 huko Berkshire, Uingereza, foleni ya magari ilikuwa imepungua mwendo na kusimama. Nyuma yake likaja lori kwa kasi ya maili 50 kwa saa. Dereva wa lori alikuwa akichagua muziki kwenye simu. Hakuiona foleni. Aliigonga, na katika gari moja dogo akafa mama mmoja pamoja na watoto watatu, wawili wa kuwazaa na mmoja wa kumlea. Dereva alifungwa miaka kumi. Miezi michache baadaye ndipo adhabu ya Uingereza ilipopandishwa hadi pointi sita.

Tafakari hilo, ndugu yangu. Waliokufa ndio waliokuwa kwenye foleni. Wale waliosimama, ambao sheria inawakataza simu, ndio haohao ambao sheria inawalinda. Foleni inaonekana mahali pa usalama kwa sababu hakuna mwendo, lakini usalama wake wote umo katika macho ya watu wasiojuana: anayekuja nyuma akuone, wewe umwone anayevuka. Kila anayeinamisha kichwa anaondoa jozi moja ya macho.

Na sisi je?

Hapa Kenya, Kanuni za Makosa Madogo ya Barabarani za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu ya mkono gari "likiwa katika mwendo". Soma tena maneno hayo matatu. Ni jamaa ya yale ya New York na ya Vienna, si ya California wala ya Ufaransa. Yule dereva wetu wa jam ya jioni, akiulizwa kwa maandishi ya kanuni hiyo, ana hoja. Lakini ni wangapi waliowahi kuyasoma? Abiria hajayasoma, kondakta hajayasoma, na dereva mara nyingi ameyasikia tu kwa mdomo wa anayemkamata. Palipo na sheria isiyosomwa, kila mtu huitafsiri kwa manufaa yake. Anayegongewa dirisha asipojua maneno, hana la kusema isipokuwa kuomba msamaha au kutoa kitu kidogo. Hivyo maneno matatu yanaweza kuwa shilingi 2,000 za serikali, au shilingi mia mbili za mfuko wa mtu, au sifuri.

Mimi sisemi tukae tukibonyeza simu kwenye foleni kwa kuwa maandishi yametuachia mwanya. Baada ya kuisoma ile habari ya A34 sidhani kama mtu mwenye moyo ataona mwanya huo kuwa bahati. Ningependa hata maneno yale yabadilishwe, yasema waziwazi kama taa na foleni zimo au hazimo. Ila yabadilishwe kwa kuandikwa, katika lugha inayoeleweka na dereva wa matatu na wa boda boda, si kwa kukisiwa dirishani. Bwana wa Fresno na jimbo la California waligombana, lakini waligombana juu ya karatasi ambayo wote wawili walikuwa wameisoma. Hiyo ndiyo tofauti ninayoionea wivu.

Ndugu waandishi wenzangu, tumezoea kuambiwa kwamba uandishi ni hadithi za mapenzi na mashairi ya kughani. Sawa, tuyaandike. Lakini tukumbuke kwamba kuna watu wengine wanaoandika kila siku, na maandishi yao yanamgusa kila apitaye barabarani: "akiendesha", "imezimwa", "katika mwendo". Hao nao ni waandishi, na kazi yao inahitaji wasomaji wakali kuliko riwaya yoyote. Tuanze sisi. Kanuni zetu zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwenye kamusi na saa moja ya jioni anaweza kuzitafsiri kurasa mbili kwa Kiswahili safi akazibandika kwenye kituo cha matatu cha mtaani kwake. Afadhali watu wabishane wakiwa wamesoma.